Aliyepimwa Kwanza

Foleni ya dirisha la dawa ilifika hadi mlangoni. Dada mmoja mtengeneza programu, gauni la kijani likimkaa barabara, alikuwa amekuja kuona kwa macho yake kwa nini kompyuta ya hospitali inajikokota.

"Inasoma faili la wagonjwa, ikimaliza ndiyo ifungue la dawa," alinung'unika kijana mrefu mbele yake. "Uvivu gani huu!"

"Na wewe ungefanyaje, fundi?"

Kijana aligeuka, akasahau hata dawa zake. "Ningeunganisha majedwali yote mawili, la wagonjwa na la dawa, niulize mara moja tu. Kama ninavyokuuliza wewe: una mtu?"

Dada alicheka mpaka foleni nzima ikawageukia.

Wakapendana, na Fundi akaajiriwa ofisini kwao. Ila hapo kwenye majedwali hawakuelewana hata kidogo. Dada alishikilia kwamba mafaili yakisomwa moja moja ndiyo mwendo. Bosi akataka vipimo, naye dada akapima peke yake: njia ya Fundi kwanza, yake baadaye. Yake ikashinda. Akatangaza kikaoni kwa mbwembwe, kazi ya Fundi ikatupwa, na Fundi akaondoka bila kuaga. Simu akawa hapokei.

Tangu hapo dada hakutulia. Chai inapoa, anasimama, anakaa, simu ikilia anairukia. Mwishowe akarudia kipimo, safari hii akianza na njia yake. Fundi akashinda! Ndipo alipong'amua ujinga wake: njia ya kwanza ndiyo iliyosota kutafuta data diskini, na ya pili ikaikuta tayari kwenye kumbukumbu ya mashine. Akazima na kuwasha kompyuta kabla ya kila kipimo. Fundi akashinda tena. Aibu ilimshika vibaya.

Alipompigia Fundi, simu ikapokewa.

"Nilikuonea, mpenzi. Nimeshamwambia bosi, mbele ya wote."

"Najua, kanipigia. Unadhani niliondoka kwa sababu ya kushindwa?"

"Kumbe?"

"Ulipokuwa unapima nilikuwa chumba cha pili, wewe, hukuniita! Ya wawili unayaamua peke yako. Mke wa hivyo nitaishi naye vipi?"

"Mke?"

"Nilitaka kumwambia mama wiki ile ile. Hata leo natamani kumwambia."

Dada alikuwa ameshaanza kutafuta viatu, machozi yakimtoka. "Usimwambie peke yako," alisema. "Nisubiri, twende wote."