Lango la Juu la Mzee Ithel

Kila asubuhi ya likizo Heledd aliamshwa na sauti ya babu yake akigombana na redio. Mzee Ithel alichemsha chai, akamrushia mbwa wake Mot ganda la mkate, huku akiwajibu wakubwa wa halmashauri kana kwamba wameketi naye mezani. Tangu bibi afariki, hakuwa na mwingine wa kubishana naye.

"Njia za watalii wanatengeneza, vibao wanaweka," alinung'unika. "Hori la kunyweshea kondoo kule mlimani limepasuka tangu mwezi wa tatu. Nimewaambia mpaka ulimi umeota sugu. Nani kaja?"

"Hakuna, Babu."

"Basi kunywa chai."

Heledd alikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa jiji la Cardiff. Baada ya kulisha kuku alipanda mlimani na Mot kuwatazama kondoo. Kazi hiyo aliiomba mwenyewe, ili babu aone kuwa mtoto wa mjini naye ana akili.

Jumanne alikuta lango la juu liko wazi, limeshikizwa kwenye ukuta wa mawe kwa kamba ya buluu. Akaguna. Kibao cha halmashauri pale pale kilisema: Funga lango. Akaifungua kamba, akalivuta lango, akatia komeo. Alipogeuka, alimwona mwanamume mwenye kofia ya majani ameketi juu ya ukuta, darubini shingoni, anachora kitu. Yule mtu akampungia mkono. Heledd hakujibu. Jirani yao aliibiwa kondoo wakati wa baridi. Mtu anayewakodolea kondoo macho kwa darubini anatafuta nini?

Jioni akamweleza babu habari za yule mtu; la lango hata hakulikumbuka.

"Ndiye aliyepanga chumba kwa Nesta muuza jibini," babu alisema. "Eti anachora kuta za zamani. Kuta hizo nimezijenga na kuzijenga tena maisha yangu yote, hajaja mtu kunichora mimi." Alicheka kidogo. Lakini tangu hapo, kila gari lilipopita barabarani, alichungulia dirishani.

Jumatano jua lilikuwa kali, nao walishinda bondeni wakikusanya nyasi kavu. Alhamisi asubuhi babu alipanda mlimani peke yake. Aliporudi, uso wake ulikuwa kama jiwe. Kondoo mmoja alikuwa amekufa, wanne hawakuweza kusimama.

"Ni yule mtu," alisema. "Kaligusa lango langu. Vaa viatu, twende sokoni."

"Nilijua tu," Heledd akasema.

Siku ya soko mji wa Llanfrwyn hufurika. Chini ya nguzo za mawe za jumba la soko, Bi Nesta alikuwa akimkatia jibini yule mgeni, Bwana Ferris. Babu alikwenda moja kwa moja.

"Kondoo wangu wamekufanya nini wewe?"

"Sijakuelewa, mzee."

"Hori lao limepasuka. Wanapita lango la juu kushuka mtoni kunywa. Wewe umelifunga. Wamekaa pale na kiu siku mbili, mto wanausikia, hawaufikii."

Heledd aliikumbuka kamba ya buluu. Kumbe kosa lilikuwa kulifunga.

"Sikuligusa lango lako," mgeni alisema.

"Mjukuu wangu alikuona pale."

Watu walishaanza kusogea. "Wageni ndio hao hao," mwuza nyama akadakia. "Mchore basi na yule aliyekufa, picha ikamilike."

Bi Nesta akaweka kisu chini. "Bwana Ferris, pengine ukatafute chumba kwingine."

Mgeni alimtazama Heledd. Alimwona siku ile akitia komeo, na Heledd alijua kuwa alimwona. Lakini Bwana Ferris aliinamisha kichwa tu, akaanza kufunga mkoba wake. Angeondoka, na mambo yangeishia hapo.

"Babu, ni mimi," Heledd akasema.

"Wewe nini?"

"Niliyelifunga. Kibao kilisema lifungwe. Nilidhani kuna mtu kafanya utundu."

Mwuza nyama akageukia soseji zake. Babu alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Ulimwona?" alimwuliza mgeni.

"Nilimwona. Nilidhani amefanya vizuri. Sasa nimtaje mtoto mbele ya soko zima?"

"Mimi nilikutaja bila kuona chochote," babu alisema polepole. "Nisamehe, bwana."

Bwana Ferris aliacha jibini lake mezani, akapanda nao mlimani. Lango babu alikuwa ameshalifungua asubuhi kwa walioweza kutembea; sasa wakawabeba kondoo wale wanne, waliomshinda peke yake, mmoja mmoja hadi mtoni.

"Huku kwetu lango unaliacha ulivyolikuta," babu alisema, amepiga magoti majini. "Sikukwambia, nikadhani kila mtu anajua. Hapo nimekosa. Na nyumbani kutwa nawatukana wakubwa kwamba wakiharibu, lawama wanamtupia mnyonge. Leo mkubwa nilikuwa mimi. Mtu usimhukumu kwa kofia yake, mjukuu wangu. Na ukikosea, sema kabla mwingine hajalipa."

"Utanirudisha Cardiff?"

"Mtu anayesema 'ni mimi' mbele ya watu, nikishamrudisha, nitampata wapi mwingine? Shika kichwa cha huyo, anywe taratibu."