Faustina Adai Haki ya Mkono Wake

Faustina na mumewe Kasian waliishi Igowole, wilayani Mufindi. Kasian alilima viazi na mahindi. Faustina alisuka vikapu vya milulu, yale majani marefu yanayoota mabondeni. Kila asubuhi Kasian alibandika chai, na Faustina aliketi karibu na moto akisuka. Vidole vyake vilikwenda haraka huku akizungumza. Mara mbili kwa mwezi alipeleka vikapu Iringa mjini, kwa mama mmoja mwenye duka. Mahitaji ya shule ya binti yao Matilda yalitoka humo.

Rafiki mkubwa wa nyumba hiyo alikuwa Sosthenes. Yeye na Kasian walikua pamoja. Matilda alipobatizwa, Sosthenes ndiye aliyemsimamia. Kazi yake ilikuwa udereva. Aliendesha lori dogo la kubeba viazi, mali ya mfanyabiashara mmoja wa Uyole, Mbeya, aliyeitwa Fred.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, ukungu ulikuwa mzito. Faustina alitoka bondeni na mzigo wa milulu kichwani. Alitembea pembeni mwa barabara, upande wa kulia, ili aone magari yanayokuja mbele yake. Nyuma yake lori lilijaribu kulipita trekta. Lilihamia upande aliokuwa Faustina. Dereva alimwona akiwa ameshachelewa, akamgonga.

Dereva huyo alikuwa Sosthenes.

Aliruka kutoka kwenye lori. Alimtambua. Alikaa chini barabarani, akakiweka kichwa cha Faustina mapajani pake. "Shemeji," alisema. "Shemeji, ni mimi."

Watu waliwapigia polisi simu. Polisi walifika, wakapima barabara na kuchora ramani ya ajali. Wakampa Kasian fomu ya matibabu, ile inayoitwa PF3. Faustina akapelekwa hospitali.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili. Madaktari waliufungua na kuweka vyuma. Wiki tatu baadaye alirudi nyumbani, lakini vidole havikukunjika. Kijiko kilimponyoka. Kusuka hakukuwezekana kabisa.

Kasian alijifunza kazi nyingi upya. Alimfunga mkewe kitenge. Alimwogesha. Siku moja alijaribu kumsuka nywele, na Matilda akawaletea kioo.

Faustina alijitazama kwa muda. "Baba Matilda," alisema, "matuta ya viazi unayanyoosha vizuri. Haya ya kichwani mbona yamepinda?"

Wote watatu walicheka. Kisha Faustina akageuza uso ukutani, akalia kimya. Kasian alimshika bega.

Sosthenes hakuja kuwaona. Aliyekuja ni Fred, mwenye lori. Alileta magunia mawili ya mahindi na bahasha. Alileta pia karatasi iliyoandikwa tayari.

"Poleni sana," alisema. "Mimi si mtu wa mahakama. Tumalize kindugu. Mama aweke dole gumba hapa, basi. Mkienda mbali zaidi, mtamfunga Sosthenes wenu."

"Niachie karatasi," alisema Faustina. "Kesho utapata jibu."

Fred alipoondoka, Faustina alimwambia mumewe, "Tukubali. Sitaki Sosthenes afungwe kwa ajili yangu."

Jioni hiyo jirani yao Eveline alileta maziwa ya mgonjwa. "Kamwene," alisalimu mlangoni. Eveline alikuwa msaidizi wa kisheria. Alikuwa amesomea kazi hiyo na kusajiliwa. Aliwasaidia watu kuelewa sheria, na hakutoza malipo. Aliiona karatasi mezani, akaomba kuisoma. Alisoma kwa sauti:

"Nimepokea msaada huu, na sitadai kitu kingine chochote kuhusu ajali hii, leo wala siku zijazo."

Akaiweka chini. "Mama Matilda, mkono umepona?"

"Bado."

"Daktari amesema utapona lini?"

"Hajasema."

"Basi ukisaini leo, hujui unauza nini. Labda utahitaji kufanyiwa upasuaji tena. Labda vidole havitarudi kama zamani. Karatasi hii inasema hayo yote utayabeba peke yako."

"Na Sosthenes?" aliuliza Faustina. "Nikidai, si atafungwa?"

"Hayo ni mambo mawili," alisema Eveline. "Kosa la barabarani linashtakiwa na serikali. Polisi walishapima, na kesi yake itakwenda, usaini usisaini. Kuumia kwako ni jambo jingine. Hapo unadai fidia. Na kila gari linalotembea barabarani linatakiwa kuwa na bima. Hata bima ile ndogo kabisa ni kwa ajili ya mtu kama wewe, uliyegongwa ukiwa nje ya gari."

"Kwa hiyo kunyamaza kwangu hakumsaidii Sosthenes?"

"Hata kidogo. Kunamsaidia Fred, asisumbuke."

Kasian aliuliza, "Sasa tunaanzia wapi?"

"Mmeshaanza. PF3 mnayo?"

Kasian aliitoa ndani ya Biblia, pamoja na risiti za hospitali.

"Umefanya vizuri kuzitunza," alisema Eveline. "Namba ya lori ikijulikana, tunaweza kuhakiki kama bima yake ilikuwa hai siku ile, na ni ya kampuni gani. Kisha tutaomba taarifa ya polisi na ramani ya ajali. Tutamwomba daktari aandike hali ya mkono. Na tutahitaji ushahidi wa kazi yako."

"Kusuka vikapu nako ni kazi ya kuandikiwa barua?" aliuliza Faustina.

"Imemsomesha mtoto. Ni kazi."

Kesho yake Fred alirudi. Faustina alimrudishia karatasi bila dole gumba wala sahihi, na bahasha yake, na mahindi. "Nakushukuru kwa kutujulia hali," alisema. "Lakini sitasaini." Fred aliondoka bila kuaga.

Kasian akaenda nyumbani kwa Sosthenes. Alimkuta nyuma ya nyumba akipasua kuni. Sosthenes hakuinua macho.

"Umetukimbia," alisema Kasian.

"Nitaingiaje kwako? Nitamtazamaje?"

"Kwa macho hayo hayo. Anakuulizia kila siku."

Sosthenes aliweka shoka chini. "Fred anataka niwaambie polisi kwamba shemeji alikatiza barabara ghafla. Nisipokubali, nakosa kazi." Akaokota kipande cha kuni. "Hakukatiza. Nilikuwa na haraka. Sikuona mbele, na bado nikapita lile trekta."

"Utasemaje sasa?"

"Nitasema hivyo hivyo."

Alikwenda polisi kesho yake, akaeleza kila kitu. Mahakamani alikiri kosa, akatozwa faini. Fred akampokonya funguo za lori. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu ajali, Sosthenes alikwenda kwa Faustina. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Nisamehe, shemeji."

"Nilikusamehe siku ile barabarani," alisema Faustina. "Nilichokasirikia ni kutokuja kwako. Kaa, chai ipo."

Maandalizi yalichukua wiki kadhaa. Mtendaji wa kijiji aliandika barua kuthibitisha kazi ya Faustina. Mama mwenye duka Iringa naye aliandika, akataja vikapu alivyonunua kwa miaka sita. Lori lilikuwa na bima hai. Eveline alimsaidia Faustina kuandika barua ya madai. Wakatoa nakala ya kila karatasi. Kisha Kasian na Faustina wakasafiri hadi Mbeya, kwenye ofisi ya kampuni ya bima.

"Wakipokea, wagonge muhuri kwenye nakala yako," Eveline aliwakumbusha. "Usiache karatasi zote halisi bila kubaki na nakala."

Baada ya miezi miwili jibu lilikuja. Kampuni ilikubali kulipa gharama za hospitali tu. Kasian alisikitika. "Basi, ndio mwisho."

"Hiyo ni ofa, siyo amri," alisema Eveline. "Unaweza kuikataa kwa adabu na kueleza kwa nini. Wakishikilia hapo, yupo msuluhishi wa migogoro ya bima, na mahakama ipo. Ila usikae miaka. Muda wa kudai una kikomo chake. Mtu akizembea, haki inapotea."

Daktari alimpima Faustina tena. Aliandika kwamba vidole viwili havitakunjika kikamilifu, na kwamba mkono unahitaji mazoezi ya muda mrefu. Faustina akaipeleka ripoti hiyo pamoja na barua ya pili. Safari hii alieleza mwenyewe ofisini, bila kusemewa na mtu. Aliweka mkono wake mezani. "Kwa mkono huu nilisuka kikapu kimoja kwa siku mbili," alisema. "Sasa siwezi kushika hata jani moja la milulu."

Mwezi uliofuata ofa mpya ilikuja. Ilihusu matibabu yaliyopita, matibabu yajayo, na kipato alichopoteza. Faustina na Eveline waliisoma mstari kwa mstari. Sasa alijua anachosaini. Akasaini kwa mkono wa kushoto, na fedha zikaingia kwenye akaunti yake mwenyewe.

Haikuwa utajiri. Lakini Matilda alibaki shuleni. Faustina alianza kununua vikapu kwa wanawake wenzake wa Igowole na kuvipeleka Iringa, na wale waliotaka kujifunza kusuka aliwaelekeza kwa mdomo. Kila Jumatano alikwenda Iringa kufanyiwa mazoezi ya mkono. Sosthenes, ambaye sasa alikuwa amepata kazi ya kuendesha gari la ushirika wa wakulima, alimpa nafasi mbele.

Jumatano ya kwanza, Kasian alikuwa anavuna viazi, hivyo Sosthenes akaingia hospitalini na Faustina. Muuguzi alikuwa anajaza fomu.

"Huyu uliyekuja naye ni nani?" aliuliza.

Sosthenes aliinamisha kichwa.

"Ni shemeji yangu," alisema Faustina.

"Na hapa panataka jina la ndugu wa karibu, wa kupigiwa simu ukipata shida."

"Andika mume wangu, Kasian," alisema Faustina. "Kisha huyu, Sosthenes. Namba yake nimeishika kichwani."

Akaitaja, tarakimu moja moja, taratibu, ili muuguzi asikosee.