Ukungu Kwenye Mapafu ya Agape

Kila alasiri akitoka shuleni, pale Magamba, Aneth alikuwa na kazi mbili: kumwangalia mdogo wake Agape, mtoto wa miaka miwili, na kutia mafuta ya taa kwenye koroboi. Siku moja mwaka 1996 aliwasikia wenzake wakicheza rede. Akaacha mafuta kwenye chupa ya soda, wazi, akatoka mbio.

Aliporudi, Agape alikuwa anakohoa, mdomo unanuka mafuta. Kwa hofu, Aneth akamtia kidole kooni, akamtapisha, akamwogesha na kumbadilisha gauni. Mama yao alirudi kutoka shambani akashtuka.

"Mbona mtoto anahema hivi?"

"Amepaliwa na uji, mama."

Asubuhi Agape alikuwa na homa kali. Walimpeleka hospitali, Mpanda mjini. Daktari Gervas akainua picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha. Mapafu yalikuwa na weupe uliotanda kama ukungu.

"Hii inaweza kuwa nimonia, au kifua kikuu, au kitu kimeingia mapafuni," alisema. "Picha peke yake hainiambii ni kipi. Nyumbani kuna mtu anakohoa?"

Mama akainamisha kichwa. "Bibi yake."

Bibi Bernadetha ndiye aliyekuwa amempakata Agape. Alimrudisha kwa mama yake, akaenda kukaa nje, khanga mdomoni. Kwa siku mbili hakumgusa mjukuu wake. Chakula alitengewa sahani yake peke yake.

"Kumbe ni mimi ninayemuua mtoto," Aneth alimsikia akinong'ona.

Aneth hakuweza kuvumilia tena. Akamfuata daktari huku analia.

"Bibi hana kosa. Agape alikunywa mafuta ya taa. Niliyaacha mimi, tena nikamtapisha."

Daktari akaitazama tena ile picha ya kifua. "Aliyekunywa mafuta hatapishwi. Yakipanda tena, yanaingia mapafuni. Ungesema siku ya kwanza, tungejua tunatibu nini."

Makohozi ya Bibi yalipimwa, hayakuwa na kifua kikuu. Baada ya siku tisa Agape akaanza kucheka tena. Aneth akapiga magoti mbele ya bibi yake.

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Lakini zile siku mbili sitazisahau. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajalibeba kosa lako."