Gari Nyuma ya Chumvi

Hensley Winklaar alipoibuka juu ya maji, kitu cha kwanza alichokitafuta ni mnara wa taa wa Willemstoren. Aliuona. Ulikuwa mdogo kama njiti ya kiberiti, na kati yake na mnara huo palikuwa na bahari tupu inayochafuka kwa upepo.

Shemeji yake Rudsela, dada wa mkewe Mirelva, aliibuka karibu naye, kamera mkononi, akatoa mpira wa hewa mdomoni.

"Shemeji, nchi kavu iko wapi?"

"Ile pale."

"Ile?"

Kosa lilikuwa lake na alilijua. Kule chini Rudsela alikuwa akimpiga picha pweza aliyejifanyia nyumba ndani ya chupa ya kale ya pombe ya jini, yenye pembe nne, jicho moja shingoni mwa chupa kama mama mwenye nyumba anayechungulia wageni. Wazamiaji wa chupa wana mwiko: chupa yenye mpangaji haiguswi. Basi Hensley akamwachia pweza nyumba yake, akaenda kufukua nyingine mchangani, zile walizotupa mabaharia wa merikebu za chumvi enzi hizo. Mkondo ulipoanza kuvuta, Rudsela alimwonyesha kwa mkono: turudi. Yeye akainua kidole: ngoja. Akamwonyesha tena. Ngoja. Chupa ilikuwa imebakiza kitako tu! Alipoing'oa, ncha ya kisiwa cha Bonaire ilikuwa imekwisha kuwapita.

Walipiga mapezi kuelekea pwani mpaka misuli ya miguu ikakaza. Kila walipoinua vichwa, mnara ulikuwa mdogo zaidi.

"Tuache," Rudsela akasema akihema. "Tunajimaliza bure. Tupa risasi."

Wakafungua mikanda ya vipande vya risasi, ile ya kumzamisha mzamiaji, ikaenda chini. Wakajaza hewa majaketi yao ya kuzamia. Rudsela akafungua kamba ya kamera, akafunga jaketi lake kwenye la Hensley, mafundo mawili.

"Na huo mfuko wa chupa."

"Nautupa."

Akauachia mfuko. Lakini chupa moja alikuwa ameshaisukumiza ndani ya jaketi, kifuani, na hata yeye asingeweza kusema kwa nini. Mkono uliozoea hauombi ruhusa kwa mwenyewe.

"Haya, tutulie," Rudsela akasema. "Mirelva anajua tulipo. Tusipotokea kula mchuzi wake wa mbuzi atapiga simu kwa kila mtu. Na gari wataliona hapo kwenye jiwe."

Maji yalikuwa yamemfika Hensley shingoni kitambo. Sasa yakamfika rohoni.

Pale Bonaire kila mahali pa kuingilia baharini pana jiwe la rangi ya njano kando ya barabara, na gari likiegeshwa penye jiwe, kisiwa kizima kinajua uko wapi. Kwa mtu wa chupa hilo ni balaa. Walinzi wa hifadhi hawataki kumwona mtu akitoka majini na kitu mkononi. Tena yupo Chano Thielman, mshindani wake tangu ujana, ambaye angeikomba sehemu yote mpaka ibaki mchanga. Kwa hiyo Hensley alimshusha Rudsela ufukweni, akaenda kuficha gari nyuma ya vilima vyeupe vya chumvi, akarudi kwa miguu juani na mtungi wa hewa mgongoni. Kwa ujanja huo alikuwa akijipongeza peke yake.

"Gari haliko kwenye jiwe," akasema.

"Liko wapi?"

"Nyuma ya chumvi."

Rudsela alimtazama. "Kwa ajili ya chupa?"

"Chano angeliona."

"Chano! Laiti Chano angeliona, shemeji! Laiti!"

Hapo ndipo alipopaswa kusema na lile lililobaki, baya zaidi. Alifungua mdomo, wimbi likampiga usoni, na yeye akalishukuru wimbi lile. Aibu iliyoje, mtu mzima kujificha nyuma ya wimbi.

Jua likawakalia utosini. Midomo ikapasuka. Kundi la viwavi wa baharini, wale wa kuwasha, likawapitia na kuwachora shingo na vifundo vya mikono mistari myekundu. Rudsela aliuma ukosi wa nguo yake asipige kelele. Hakulalamika hata kidogo. Alikuwa akimwuliza Hensley kila mara, "Miguu yako inasikia? Isugue," kana kwamba yeye ndiye mgonjwa, na kila alivyozidi kuwa mwema ndivyo Hensley alivyozidi kuoza ndani.

Alasiri wakasikia ndege. Ndogo, nyeupe, inaruka chini. Rudsela akainua kamera juu ya kichwa na kuwasha mwanga wake mkali, tena na tena. Ndege iligeuka ikaelekea kaskazini. Ikazunguka huko mbali, kama kunguru aliyeona kitu jalalani, ikarudi kuzunguka hukohuko.

"Mbona wanatafuta kule?" Rudsela akauliza. "Mbona wako Karpata, upande wa pili wa kisiwa? Hensley, kwa nini wako Karpata?"

Alikuwa amemwita Hensley, si shemeji. Tayari alikuwa anajua.

"Nilimwambia Mirelva tunakwenda Karpata."

"Ulimwambia dada yangu."

"Huwa namwambia hivyo. Akiulizwa dukani asije akataja mahali pa chupa. Sikukusudia..."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

Rudsela hakumtukana. Ingekuwa nafuu. Alifungua yale mafundo mawili ya kamba, taratibu, akajisukuma kando. Wimbi likaingia kati yao, kisha jingine. Hensley hakumwita, hakujiona ana haki. Alitazama mgongo wa mwanamke yule ukipanda na kushuka, akawaza kwamba yeye akizama, Mirelva atakwenda kuweka maua Karpata, mahali ambapo mumewe hakuwahi hata kulowesha kidole. Akalia, na chumvi ya machozi haikuongeza kitu baharini.

Baadaye akasikia kamba ikivutwa jaketini mwake.

"Nakufunga kwa ajili ya dada yangu," Rudsela akasema. "Wewe usinisemeshe."

Mvua iliwakuta jua linazama, nzito, baridi. Wakavua miwani ya kuzamia na kuikinga kama vibakuli, lakini kila ilipojaa kidogo wimbi liliipindua na kuitia chumvi. Kiu ilikuwa imezifanya ndimi zao magogo. Hensley akaingiza mkono kifuani, akaitoa chupa.

Rudsela akaacha kukinga miwani.

"Ulisema umetupa."

"Nilisema."

Aliipokea, akaisuuza tope, akaanza kuimiminia maji ya miwani kabla mawimbi hayajayawahi. Ilijaa. Wakanywa, funda kwa zamu, na usiku kucha waliyagawana kwa kubania, maji yenye harufu ya tope la kale. Mtu mwingine angejitapa kwamba chupa ndiyo iliyowaokoa. Hensley hakuthubutu. Kila funda lilishuka na jina la mkewe.

Kulipopambazuka hawakuwa na sauti tena. Ni Rudsela aliyesikia mashine ya boti ikiunguruma, ikizimwa, ikiunguruma tena. Akainua kamera kwa mikono miwili. Mwanga ukawaka mara moja, hafifu, ukafa kabisa.

Boti iligeuza pua kuwaelekea.

"Winklaar!" sauti ikapaza. "Leo umeokota chupa ngapi?"

Alikuwa Chano Thielman, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimvuta Rudsela kwanza, akamfunika turubai, akampa maji. Kisha akamshika Hensley kwapani na kumburura ndani kama samaki mkubwa asiye na bei.

"Ulijuaje?" Hensley akanong'ona.

"Nijue nini? Kwamba uko Willemstoren? Bwana wee, kila mtu anajua. Ukisema kaskazini, sisi tunatazama kusini. Gari lako tunalipita nyuma ya chumvi kila wiki. Hatukusema tu, tusikuaibishe."

"Sasa mbona ndege..."

Chano akaacha kucheka. "Mkeo. Nilikwenda nikamwambia, Mirelva, mumeo hayuko Karpata. Akanifukuza uani. Akaapa kwa kaburi la mama yake. 'Nyie anaweza kuwadanganya, mimi hanidanganyi.' Ningefanyaje? Nikatafuta Karpata mpaka jua likazama, kwa heshima yake. Ndipo nikaenda kuchungulia nyuma ya chumvi. Kisha nikapeleka boti pale mnarani, nikazima mashine, nikaacha mkondo unipeleke ulikowapeleka nyinyi."

Hensley alilala chali sakafuni mwa boti. Kwa pembeni Rudsela alikuwa amekumbatia kamera yenye picha ya pweza wake. Wala hakumtazama.

Gatini, mjini Kralendijk, watu walikuwa wamejaa. Gari la Hensley lilikuwa limeletwa na kuegeshwa mbele ya kadamnasi, vumbi jeupe bado liko juu ya paa. Ufunguo alikuwa akiuficha juu ya gurudumu, na hilo nalo walilijua.

Mirelva alimkumbatia dada yake, wakalia pamoja. Kisha akaja kwa mumewe. Alimgusa uso uliobabuka kwa jua, kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko kofi.

"Ulikuwa wapi?"

Wangeweza kumjibia. Wote walimwachia mwenyewe ajibu. Mkononi bado alikuwa na chupa, na hakuwa na pa kuificha.

"Willemstoren," akasema. "Sikwenda Karpata. Sijawahi kwenda Karpata, Mirelva. Hata siku moja."

Chano akaangalia viatu vyake. Mlinzi wa hifadhi akakohoa. Katika watu wote waliosimama pale gatini, hakuna aliyeshangaa isipokuwa mkewe.