Stuli ya Mpiga Pasi

Mpiga pasi aliingia ndani akajitupa kitini. Mguu wake wa kushoto, uliopooza tangu utotoni, ulikuwa umevimba hadi kiatu kikagoma kutoka.

Wifi yake alikuwa mezani akichambua mchele. Meza ilicheza, maana mguu wake mmoja ulikuwa mfupi.

"Wifi, leo hata salamu hakuna?"

"Sina hata nguvu ya kufungua mdomo," alijibu mpiga pasi.

Kwa miaka tisa alikuwa akipiga pasi mashati kiwandani, ameketi kwenye stuli ndefu. Jumatatu msimamizi mpya aliiondoa. "Hapa wote wanasimama," alisema. "Ukishindwa, acha kazi kwa hiari." Akampa barua ya kuacha kazi, tayari imechapwa. Ilibaki sahihi tu.

"Kesho natia sahihi," alisema mpiga pasi. "Nimechoka."

"Halafu tule nini? Pasi?"

Jirani yao alikuwa mlangoni, amerudisha ndoo. Yeye alikuwa mfagizi katika tume ya usawa, ofisi ya serikali inayozuia ubaguzi.

"Dada, usitie sahihi! Ukitia, utakuwa umesema umeondoka mwenyewe."

"Nitalalamika nini? Kanuni ni moja kwa wote."

"Ukiwa umekaa, mashati yanaungua?"

"Hata moja halijaungua."

"Basi! Kukunyima stuli ni kukunyima kazi kwa sababu ya mguu. Sheria inakataza."

"Sina wakili. Na kuandika kwenyewe nakokota herufi."

"Wakili wa nini? Wala hulipi kitu. Wewe unasimulia, ofisa anaandika, kisha anakusomea. Kumbuka tu tarehe, maneno uliyoambiwa, na nani alisikia."

"Wakinifukuza?"

"Kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika ni kosa jingine."

Kesho yake alikwenda kwenye tume. Ofisa, mama mwenye sauti ya chini, aliandika yote.

"Nitawasikiliza na wao," alisema. "Mkielewana, yataishia mezani. Wakikataa, tutayafikisha mahakamani."

Zilipita wiki tatu. Mpiga pasi alisimama, ameegemea meza ya pasi, akihesabu vifungo ili asihesabu saa. Barua ilikaa mkobani. Mara mbili aliitoa, akashika kalamu. Mara mbili aliirudisha.

Hatimaye ofisa alifika kiwandani.

"Akisimama, shati linanyooka zaidi?" alimuuliza msimamizi.

Msimamizi alijikuna shingo. "Hapana. Lakini nilidhani kuwatendea wote sawasawa ndiyo haki."

"Haki ni kila mmoja aweze kuifanya kazi yake. Nileteeni kanuni zenu zote. Hatungoji mwingine aumie ndipo tuje tena."

Walizipitia moja moja hadi jioni. Kanuni ya kusimama ilifutwa. Stuli ilitoka stoo na vumbi lake. Ya pili alipewa mkata nyuzi, aliyekuwa mjamzito na hakuwa amethubutu kusema neno.

Siku hiyo mpiga pasi alirudi nyumbani, akavua viatu mwenyewe.

"Umechoka?" wifi aliuliza.

"Nimechoka."

"Sasa hiyo stuli imesaidia nini?"

"Leo nimechoka kama wenzangu."

Akatoa barua mkobani, haina sahihi. Akaikunja mara nne, akainama, akaisukuma chini ya ule mguu mfupi wa meza. Meza ikatulia.