Sukari ya Kang'ethe

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2003, mahindi yalikuwa yamekauka vizuri katika mashamba ya Kitale. Kang'ethe alishinda kwenye trekta ya Mzee Kimaiyo, akibeba mahindi kutoka shambani hadi ghalani. Kazi hiyo aliijua. Kwa miaka kumi na minane hakuwa amegonga hata kigingi cha ua.

Lakini msimu huo kiu ilimwandama. Alikunywa maji, haikuisha. Akanunua soda, chupa mbili kabla ya saa sita na nyingine tatu baada ya chakula. Kila mara alisimamisha trekta ili akajisaidie kichakani. Suruali ikaanza kumlegea kiunoni. Na macho yake, saa zingine yaliona ukungu huku jua linawaka.

Hakumwambia mtu. Dereva asiyeona atapewa kazi na nani?

Jumanne moja mchana alikuwa akirudi ghalani, trela limejaa. Ukungu ukaja. Akapangusa macho, akaendelea. Mbele aliona kitu chekundu. Alidhani ni gunia lililoanguka. Kisha lile gunia likapiga mayowe.

"Baba Munene! Simama! Simama!"

Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Trela likaisukuma trekta kwa nyuma, ikateleza, ikasimama. Wamboi, mke wake, alikuwa ameanguka kando ya njia. Leso yake nyekundu ilikuwa imekwama chini ya gurudumu. Sufuria ya chakula aliyokuwa akimletea ilikuwa imepondeka kabisa.

Kang'ethe aliruka chini, akamkimbilia. "Umeumia?"

"Nimechubuka tu. Si ulikuwa unaniangalia? Mbona ukanijia?"

"Sikukuona," akasema kwa sauti ndogo. "Mama Munene, siku hizi sioni vizuri."

Mzee Kimaiyo alikuwa amesikia mayowe, akaja mbio. Alitazama leso, akatazama sufuria, akanyoosha mkono.

"Leta ufunguo. Ukipona utarudi. Lakini hivi, siwezi kukuacha uue mtu."

Asubuhi iliyofuata Kang'ethe na Wamboi walikwenda kliniki karibu na msikiti, mjini Kitale. Muuguzi aliyeitwa Bilan alimdunga kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Aliisoma namba, akapima tena.

"Sukari yako ni ishirini na mbili," alisema. "Ya mtu mwenye afya, kabla ya kula, haifiki sita."

Kang'ethe aliuliza, "Sista, nitakufa?"

"Ukiendelea hivi, itaharibu macho kabisa, na figo, na miguu. Lakini ukijitunza, inashuka. Hebu niambie, unakunywa nini?"

"Soda. Na chai."

"Chai unaweka vijiko vingapi?"

"Vinne," alijibu Wamboi.

Kang'ethe aliinamisha kichwa. "Vitano. Kimoja naongeza ukienda jikoni."

"Basi ulikuwa unazima moto kwa mafuta ya taa," Bilan alisema. "Hiyo kiu yenyewe ililetwa na sukari."

Daktari alimwandikia vidonge. Bilan naye alichora sahani kwenye karatasi.

"Nusu ya sahani ni mboga: managu, kunde, sukuma. Robo ni maharagwe ama samaki. Robo iliyobaki ndiyo ugali, kiasi cha ngumi yako. Soda, acha. Chai, kunywa bila sukari."

"Ngumi moja? Sista, mimi ni mtu wa kazi!"

"Wewe unakaa. Trekta ndiyo inafanya kazi. Kwa hivyo utatembea nusu saa kila siku, haraka haraka mpaka jasho litoke. Sigara pia, kama unavuta, uache. Na hivyo vidonge usiache kumeza mpaka daktari akuambie, hata ukijisikia mzima."

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Kang'ethe alikuwa na njaa na hasira. Mara mbili alisukuma sahani kando. Wamboi hakubishana naye. Alipika mboga hiyo hiyo kwa wote nyumbani, na kila jioni alivaa viatu vya raba, akasimama mlangoni. "Twende."

Wakaenda. Mwanzoni Kang'ethe alichoka kabla ya kufika shuleni. Krismasi ilipokaribia, walikuwa wanaipita shule na kufika darajani.

Siku hizo rafiki yake Wabwile wa Bokoli, kule Bungoma, alimwalika kwenye harusi ya binti yake. Wabwile alimfungulia soda baridi mbele ya wageni wote.

"Kunywa, bana!"

Kang'ethe aliitazama chupa. "Asante, ndugu yangu. Naomba maji."

"Ati maji? Siku ya binti yangu? Unaringa sana!"

Wageni waligeuka kumtazama. Aibu ilimchoma Kang'ethe usoni. Akainuka, akasema wote wasikie, "Siringi. Nina ugonjwa wa sukari. Mwezi uliopita nilikaribia kumkanyaga mke wangu kwa trekta kwa sababu sikumwona."

Wabwile akaichukua ile soda, akaenda mwenyewe kuleta maji.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata Kang'ethe alirudi kliniki. Bilan alimdunga kidole tena.

"Sita nukta tatu!" Bilan alisema.

Wamboi alifunika uso kwa mikono, akalia. Daktari alipima macho, yakaonekana sawa. Akampunguzia vidonge, lakini hakumwachisha vyote.

Siku hiyo hiyo Kang'ethe alimpelekea Mzee Kimaiyo karatasi ya daktari. Mzee aliisoma, kisha akanyoosha kidole barabarani. "Soma namba ya ile lori."

Kang'ethe aliisoma yote bila kusita. Mzee akampa ufunguo, lakini hakuondoka. Alichokora udongo kwa fimbo yake.

"Kang'ethe," alisema polepole, "miguu yangu inawaka usiku kama nimekanyaga siafu. Sijamwambia hata mke wangu. Hiyo inaweza kuwa sukari?"

"Sijui, Mzee. Kuna kipimo. Kesho usile kitu asubuhi, nitakupeleka kwa Sista Bilan."

"Nitakuja na gari nikuchukue."

"Hapana, Mzee," alisema Kang'ethe. "Tutatembea."