Kiboksi cha Mtandao

Mahmud, rafiki yangu mwenye duka pale Izia, si mtu wa kutunga maneno. Alinunua gari la mtumba lililopitia mpakani Kasesya, lile la kisasa linalopokea masasisho ya programu zake kwa mtandao. Akahofia mtu asije akaliingilia kwa mbali, akamwambia fundi Jastin ang'oe kiboksi cha mtandao, lisipokee chochote tena. Jastin alipokikata, Naima, mke wa Mahmud, akakitia mkobani.

Jioni ile mume na mke wakateremka na gari hilo kuelekea Mtowisa. Kwenye kona za mlimani ukungu ukawafunika, giza likaingia mapema. Ghafla vitasa vya milango vikajifunga vyenyewe, ka! Injini ikazima, taa nazo. Mahmud akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, gari likasimama. Kilichosikika ni upepo tu, ukivuma chini korongoni.

Skrini ikawaka: "Sasisho limepokelewa. Mwenye gari ameidhinisha."

"Umebonyeza nini?" Naima akanong'ona.

"Wallahi sijagusa kitu. Kile kiboksi si unacho wewe?"

Naima akafungua mkoba polepole. Kiboksi kilikuwemo, nyaya zake zote zimekatwa. Kilikuwa cha moto, na kitaa chake cha kijani kilikuwa kinawaka na kuzima.